Adapta Iliyopakwa Rangi kama Sufuria

Walisema sitaweza. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mama, kwa sababu kwetu sisi Wadigo mjomba ana haki ya kukusema mbele za watu na wewe huna haki ya kujibu. Siku nilipotoka Arabuni, mbele ya wageni waliokuja kunilaki, alisema: "Huyu amezoea kukaa nyumba zenye baridi kama barafu. Mwacheni afungue hilo duka lake. Jua la Ukunda litamrudisha kwenye ndege mwenyewe." Wengine wakaongeza chumvi. Mafundi wamejaa Ukunda kila mlango. Diploma haiunguzi wala haiivishi. Na mtoto aliyebeba matofali ya matumbawe Galu, wajenzi wakimtuma maji na sigara, atajuaje kuendesha biashara yake?

Matofali nilibeba, ni kweli. Kwa matofali hayo nilijilipia karo Mombasa mpaka nikaitia mkononi diploma ya umeme, hakuna aliyenichangia. Kwa diploma hiyo nilikwenda Arabuni nikawa fundi wa majumba marefu: kengele za milango, kamera za mageti, vipaza sauti. Wahandisi wenye digrii walikuwa wakinipigia simu wao, si mimi kuwapigia. Sisemi haya kwa majivuno. Na hata nikiyasema kwa majivuno, majivuno yenyewe ni yangu, sikuazima kwa mtu.

Nilichoazima ni mtaji. Akiba yangu iliishia kwenye nyumba ya mama na matibabu yake, nami sijutii. Basi mjomba yule yule, baada ya kusema aliyoyasema, aliuza ng'ombe wake Kikoneni akanipa pesa. Ndivyo alivyo: mkono unaokuzaba kofi ndio unaokulisha. Shangazi yangu, dada wa baba, mwenyekiti wa chama cha akina mama Msambweni, akanitolea mkopo wa chama. Shemeji yangu, mpishi katika hoteli moja ya Galu, akaongezea palipopungua. Tulikubaliana kwamba duka likisimama, nitawalipa wote. Lisiposimama, vyombo vitauzwa, wagawane watakachopata, nami nitafute tikiti ya kurudi nilikotoka. Kurudi kule kwa sababu nimeshindwa nyumbani ni jambo nililoliogopa kuliko umeme wenyewe.

Nikafungua duka Ukunda, kando ya barabara iendayo Lunga Lunga. Nilitarajia kazi za akili. Nilipata adapta.

Huku kwetu kila kitu chenye waya na pini huitwa chaja. Mtu huja na redio iliyokufa, huiweka mezani kama anayeleta maiti kuoshwa, husema: "Fundi, imezimika tu ghafla."

"Uliichomeka na nini?"

"Na chaja."

"Chaja gani?"

"Ile ya kuingia."

Ya kuingia! Hilo ndilo jibu nililolisikia tangu asubuhi mpaka kufunga. Ikiingia kwenye tundu, basi ni yake. Nilikuwa nikiwauliza kama na ufunguo wa jirani ukiingia mlangoni mwao watasema nyumba ni yao. Wanacheka, wananiambia nina maneno, na wiki inayofuata wanaleta kingine kimeungua vile vile. Kila adapta imeandikwa tumboni inatoa volti ngapi na za namna gani. Kuna umeme uendao upande mmoja tu, ambao huandikwa kwa kistari kilichonyooka chenye vitone chini yake. Na kuna umeme uendao na kurudi, ambao alama yake ni kijiwimbi kidogo. Si maandishi ya siri. Lakini nani anasoma tumbo la adapta?

Chama cha shangazi ndicho kilichonifikisha ukingoni. Akina mama wale hukodisha vyombo vya harusi: sufuria kubwa, masinia, majamvi, viti. Baadaye walinunua spika mbili na mixa ndogo ya kuunganishia maikrofoni, wakaacha kulipa watu wa muziki. Mimi ndiye niliyeisafisha mixa hiyo walipoinunua imetumika. Niliifungua, nikatoa vumbi, nikaijaribu kwa adapta yake, ikasema vizuri, nikawarudishia.

Kisha asubuhi moja nikamwona shangazi akishuka kwenye pikipiki, mixa ameipakata kwenye leso yake ya kujitanda kama mtoto mgonjwa. Nyuma yake, pikipiki nyingine, mjomba.

"Shikamoo shangazi. Shikamoo mjomba."

"Marahaba," alisema shangazi. "Salamu zitatosha hapo. Umetuulia mixa."

"Mimi?"

"Wewe ndiye wa mwisho kuifungua. Juzi Jego ilikata katikati ya harusi, watu wakabaki wakipiga makofi matupu. Tumerudi nayo nyumbani, taa inawaka, lakini sauti haitoki. Inanguruma tu."

Mjomba alikuwa bado amesimama mlangoni, akitazama rafu zangu moja baada ya nyingine kama dalali. "Keshokutwa namwoza binti yangu Kikoneni," alisema. "Watu nimeshawaalika, na nimewaambia muziki upo, mpwa wangu ni fundi kutoka Arabuni. Mixa isiposema siku hiyo, Jumatatu nitakuja hapa na hawa mama tuuze kila kilichomo. Sikuuza ng'ombe wangu niaibike."

"Mjomba, hata sijaitazama."

"Basi itazame."

Niliomba adapta. Shangazi akatoa moja nyeusi, nyembamba, nyepesi, ya zile za kompyuta.

"Hii siyo niliyowarudishia."

"Ile ilikufa Jego. Tukanunua hii hapa hapa Ukunda. Kijana aliniuliza volti ngapi, namba nikaikumbuka, kumi na nane. Akanipa ya kumi na tisa. Akaniambia, 'Mathee, chukua tu, hiyo moja ni ya baraka.'"

"Baraka!"

"Na ikaingia," alisema shangazi, kana kwamba anafunga kesi.

Niliketi, nikashika kichwa. Nikamwuliza adapta ya zamani ilikuwa nzito au nyepesi.

"Nzito kama jiwe la mizani."

"Iko wapi?"

"Nyumbani. Ina rangi yetu. Sisi hatutupi kitu chenye rangi yetu."

Anayetoka mbali huenda asijue jambo hili. Harusi yetu hupikwa kwa vyombo vya mtaa mzima. Sufuria zikishachanganyika, bila alama zingeleta ugomvi usiokwisha, kwa hiyo kila nyumba hupaka rangi yake chini ya chombo. Rangi ya chama cha shangazi ni kijani. Sufuria kijani, sinia kijani, miguu ya viti kijani. Nilipoigeuza mixa nikakuta nyuma yake, palipoandikwa aina ya umeme inaotaka, pamepakwa kijani kizito, tabaka juu ya tabaka. Nilipowarudishia hapakuwa na tone.

"Nani alipaka hapa?"

"Sote. Palikuwa pana nafasi."

Shangazi akapiga simu Msambweni, adapta ya zamani ikaletwa kwa pikipiki. Nayo ilikuwa kijani tumbo zima. Nilimimina petroli kidogo kwenye kitambaa nikaanza kusugua, mjomba akilalamika kwamba namharibia shangazi alama. Rangi ikatoka, maandishi yakajitokeza. Volti kumi na nane, na mbele yake kijiwimbi.

"Tazameni," niliwaambia. "Mmeizika alama hii kwa mikono yenu wenyewe, kisha mkaenda dukani kukisia."

"Kimstari tu hicho," alisema mjomba.

"Hicho kimstari ndicho harusi yako."

Kwanza niliipima adapta. Upande wa kutolea ulikuwa mzima. Upande wa pini za ukutani mita haikuonyesha njia kabisa: palikuwa pamekatika. Nikaibana kwenye jiriwa, nikagonga taratibu kwa nyundo kufuata mshono mpaka ganda likaachia. Wote wawili wakainamia meza. Sijui walitarajia kuona nini, lakini najua walichokiona kiliwaudhi.

"Mbona hamna kitu?" alisema mjomba. "Ziko wapi zile kadi zenye vidude? Dada, mmeuziwa chuma."

"Hakuna kadi, mjomba. Hivi ndivyo ilivyo. Mna chuma na mna waya, basi."

"Na umeme unashushwa na nini? Na chuma?"

Hapo nilifurahi, sitaficha. Nilikuwa nimengoja kwa muda mrefu mtu aniulize swali lenye maana katika duka langu. Nikawaonyesha. Kuna waya mwembamba kama unywele, umezungushwa mizunguko mingi sana. Huo ndio unaopokea umeme wa ukutani. Kuna waya mnene zaidi, mizunguko michache. Huo ndio unaokwenda kwenye mixa. Katikati yao pana vipande vya chuma vilivyopangwa kama kurasa. Na nyaya hizo mbili hazigusani popote.

"Hazigusani?" alisema shangazi. "Umeme unavukaje?"

"Kwa chuma. Umeme wa ukutani hautulii, unakwenda na kurudi upesi mno. Kila unapogeuka, chuma nacho kinageuka usumaku wake. Kule kugeukageuka ndiko kunakoamsha umeme katika waya wa pili. Mizunguko ikiwa michache upande wa pili, umeme unashuka. Lakini unabaki vile vile, wa kwenda na kurudi. Mkiunganisha betri hapa, hakitavuka kitu. Waya utapata moto bure."

Mjomba alikunja uso. "Na hii nyepesi?"

"Hiyo ina kadi unazozitaka. Inapokea umeme wa kwenda na kurudi, inaunyoosha, inautoa upande mmoja tu. Kwa kompyuta ni sawa kabisa. Mixa hii haitaki hivyo. Ndani yake imetengenezwa itumie mwendo wa kwenda kwa nusu ya kazi na mwendo wa kurudi kwa nusu nyingine. Mkiipa umeme wa upande mmoja, nusu yake inaamka na nusu imelala. Ndiyo maana taa inawaka na sauti haipo."

Nikaona maneno hayajamwingia, nikatafuta njia nyingine.

"Mjomba, si ulipasua mbao ujanani?"

"Nimepasua mpaka mgongo ukapinda."

"Msumeno wa watu wawili. Wewe ukivuta, na mwenzio upande wa pili asivute kabisa, inakuwaje?"

"Unakwama."

"Basi mmeikwamisha mixa."

Shangazi akacheka, mjomba hakucheka. Lakini aliitazama ile adapta nyeusi kwa chuki, si mimi, nami hilo lilinitosha kwa wakati ule.

Kazi ilikuwa bado. Chini ya utepe uliofunga waya mwembamba nilikuta kile nilichokitafuta, fyuzi ya joto, kidude kidogo kinachojikata adapta ikichemka kupita kiasi. Ilikuwa imejikata. Nikauliza adapta ilikaa wapi siku ya Jego.

"Chumbani kwa bibi harusi," alisema shangazi. "Ndiko kwenye umeme."

"Iliwekwa wazi?"

"Wazi vipi, na wageni wanaingia kumtazama mwari? Tuliifunika kwa leso."

"Leso ngapi?"

"Zote za bibi harusi."

Adapta ya namna hii ni ya moto hata ikiwa nzima, kwa sababu chuma chake kinafanya kazi muda wote, nao walikuwa wameivisha nguo za harusi nzima.

"Kama hicho kidude ndicho kilichokata," alisema mjomba, "si ukitoe, uunge waya moja kwa moja? Mbona hilo hata mimi naliona?"

Nimeisikia rai hiyo mara nyingi, na kila mara hunipandisha damu. "Mjomba, nikiunga hivyo, itafanya kazi vizuri sana mpaka siku itakapofunikwa tena leso. Siku hiyo haitajikata. Itawasha leso, na leso zitawasha nyumba, na bibi harusi yumo ndani. Wataka niunge?"

"Ah. Usiunge."

Katika boksi la mabovu nilikuwa na adapta nyingine iliyovunjika upande wa kutolea, lakini fyuzi yake ya joto ilikuwa nzima na ya kiwango kile kile. Nikaichomoa. Hapa ndipo wale mafundi waliojaa kila mlango wa Ukunda wangeharibu. Fyuzi ile hukatwa na joto, na pasi ya kuungia ni joto tupu. Ukiiunga ovyo unaiua kabla haijafanya kazi hata siku moja. Nilibana kila mguu kwa koleo ili joto liishie kwenye koleo, nikagusa kwa risasi iliyoyeyuka, nikaondoa upesi. Nikapima. Njia ipo. Nikarudisha utepe, nikafunga ganda kwa gundi na kulikaza vizuri.

Nilipoichomeka na kuweka mita, shangazi akapiga kelele. "Ishirini na moja! Umesema kumi na nane! Itaungua tena!"

"Haiungui. Bila mzigo hupanda. Ukiipa kazi inashuka yenyewe."

"Kama watu," alisema shangazi.

Nikaunganisha mixa na spika yangu. Sikuwa na hakika nayo, kusema kweli, kwa sababu kitu kilichochokozwa hivyo huweza kuwa kimekufa ndani. Nikafungua sauti pole pole. Mngurumo haukuwepo. Nikampa shangazi maikrofoni ajaribu, naye hakusema moja mbili kama wanavyosema watu. Alisema, na barabara nzima ikasikia mpaka stendi: "Yule mzee wa Kikoneni aliyetaka kuuza duka la mtoto wangu, aje hapa mbele atuambie amepata bei gani!"

Wauza ndizi wa ng'ambo wakaangua kicheko. Mjomba akamnyang'anya maikrofoni. "Zima kitu hiki," alisema ndani yake, na hilo nalo likasikika mpaka stendi.

Harusi ya Kikoneni ilipita salama. Adapta niliiweka mwenyewe juu ya kigoda, wazi, nikakaa karibu yake kama mlinzi, na kila mama aliyekuja na leso mkononi nilimfukuza kwa macho. Mjomba hakuniomba radhi. Alichofanya ni kibaya zaidi: alikusanya wakwe zake kando ya majiko akawaeleza, kwa kirefu, kwamba adapta nzito haina kadi ndani, kwamba nyaya zake hazigusani, na kwamba ni sawa na msumeno wa watu wawili. "Watu hawajui mambo haya," aliwaambia. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na sahani ya pilau.

Lakini maneno yake yalitembea. Chama cha shangazi kikaamua kwamba hakuna chombo cha umeme kitakachotoka kwenda harusini kabla hakijapita mezani kwangu, nao watanilipa kwa kila ukaguzi. Vyama vingine vikafuata, mpaka vya Jego. Shemeji akawaleta wanamuziki wa hotelini Galu, watu wenye vinanda na vikorokoro ambavyo kila kimoja kina adapta yake, na wao walikuwa wamezichanganya vibaya kuliko akina mama. Duka likasimama.

Utulivu sikuupata. Niliwaambia akina mama wasipake rangi juu ya maandishi, wakanielewa, wakaapa. Mwezi uliofuata wakaleta adapta imezima. Maandishi yalikuwa safi. Walikuwa wamepaka pini. Pini zenyewe zinazoingia ukutani, zote, kijani, kwa ustadi mkubwa. Nilizikwangua, kisha nikanunua uzi wa kijani nikafunga kila waya fundo, nikawaambia hii ndiyo rangi yenu kuanzia leo, na kopo la rangi likae na sufuria.

Pesa za kulipa niliziweka pembeni kidogo kidogo, kwa sababu sikutaka kulipa vipande vipande kama anayetoa sadaka. Nilitaka siku moja, watu wote. Zilipotimia nilifunga duka asubuhi, nikavaa kanzu, nikaanza Galu. Shemeji alitoka jikoni na aproni yake, akazitia mfukoni bila kuhesabu, akaniambia ananuka kitunguu asije akaniharibia kanzu. Nikaenda Msambweni, siku ya kikao cha chama. Shangazi alinifanya nisimame katikati ya jamvi nikabidhi mbele ya wote, vigelegele vikapigwa, na kabla havijaisha akaniuliza kama nataka mkopo mwingine, mkubwa zaidi. Nilimwambia sitaki. Akasema ataniandikia tu.

Kikoneni nilifika wakati wa chakula. Mjomba alizihesabu, akazihesabu tena kwa kulamba kidole, akazikunja. Kisha akatikisa kichwa.

"Ng'ombe yule angekuwa ameshazaa."

"Mjomba, ndama hakuwamo katika makubaliano yetu."

"Sijasema umlipe. Nasema tu, angekuwa ameshazaa."

Jirani yake alipita njiani, akatoa salamu. Mjomba akamwita kwa mkono. "Njoo umwone. Huyu ndiye mpwa wangu, yule fundi wa Ukunda. Duka lile nilimfungulia mimi. Watu walikuwa wakimkatisha tamaa huyu, hujui tu."

Nilifungua mdomo nimjibu. Mke wake alikuwa ameshaweka sinia la wali na samaki mbele yetu, na hapakuwa na mtu pale, wala Msambweni, wala Galu, aliyekuwa akinidai. Nikanawa mikono, nikasogea, nikala.